Nukta, Aliyesoma Kila Mstari Mara Mbili

Marehemu, ambaye nyote mlimwita Nukta, alizaliwa tarehe 9 Machi 1981, kifungua mimba wa mama yake. Dada yake, anayesoma wasifu huu, alimfuata baada ya miaka miwili, na barua za mapenzi za dada huyo Nukta alizisahihisha kwa wino mwekundu bila kuombwa.

Alimaliza sekondari mwaka 1999. Mwaka 2002 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji kuwa msahihishaji, meza ya dirishani. Kila ukurasa aliusoma mara mbili: kwenda, kisha kurudi kinyumenyume kutoka neno la mwisho. Tarehe 16 Agosti 2008 alimwoa mshona vitabu wa ghorofa ya chini, mwanamke ambaye hakustahili yaliyofuata.

Mwaka 2017 akajitokeza Profesa, msomi wa kijiwe cha nyuma ya stoo ya karatasi. "Bangi inafungua ubongo, kaka," alimwambia. Nukta akaanza kuvuta, na ilifungua kweli, kama mlango usio na komeo. Daktari alieleza kwamba ubongo huchuja: hushika neno, huacha kelele. Wa Nukta ukawa unapokea feni, kikohozi na sentensi kwa uzito uleule, na akifika mwisho wa mstari, mwanzo umeshampotea. Mwenyewe alidhani amepata kipaji. Profesa akampongeza. Wajinga wawili wakapeana mikono.

Mama alipofariki mwaka 2021, Nukta ndiye aliyesahihisha programu ya mazishi. Dada akasoma mbele ya kaburi kama ilivyochapwa: "Mama aliungua kwa miaka miwili." Mama aliugua figo. Profesa alicheka kwa sauti. Nukta akanong'ona, "Kwani kosa liko wapi?" Akaonyeshwa kwa kidole, akatazama weee, asilione. Siku hiyo dada yake alimlilia yeye kuliko mama.

Tarehe 6 Juni 2024, saa nne asubuhi, lori la karatasi lilikuwa likirudi nyuma uani, likipiga honi. Profesa alikuwepo. "Aliisikia, dada," anasema. "Alisimama tu anaisikiliza, mpaka lori likamgonga." Huyo hapo safu ya mwisho, na miwani yake ya jua, bado ana ubongo uliofunguka.

Marehemu ameacha mjane, binti mmoja na dada. Na mkiona hapa imeandikwa kwamba aliungua kwa miaka saba, msichukue kalamu. Dada yake ameusoma mstari huo kwenda na kurudi. Safari hii si kosa la chapa.

Apumzike sasa, kwa amani. Nukta.