Mrija wa Baba Mkononi mwa Teresa Asekenye

Marehemu Teresa Asekenye alizaliwa tarehe 9 Machi 1953 hapa Malaba, katika boma la babu yetu Otukei, aliyekuwa mnunuzi wa pamba. Alikuwa mtoto wa pili. Wa kwanza ni mimi, Zephaniah, ninayewasomea, na niseme mapema: nilimwonea wivu tangu aanze kutembea. Yeye alibebwa begani na baba, mimi nikatumwa maji.

Alisoma shule ya misheni kule Amukura hadi darasa la saba. Mimi nilifika chuo cha ualimu, lakini wageni wakija kuona nyumba ya babu na ghala lake la pamba, baba alimwita Teresa awaeleze.

Mwaka 1974 aliolewa na Bwana Eriaku, wakajaliwa binti mmoja, Amuron. Bwana Eriaku alipofariki mwaka 1991, baba alimwita Teresa arudi nyumbani. Baada ya mavuno chungu cha ajono, pombe yetu ya wimbi, kikawekwa katikati, wazee wakakizunguka na mirija yao mirefu. Kwetu, anayepewa mrija wa mwenye boma ndiye anayebeba boma. Nilikuwa nimevaa koti langu la harusi. Baba alichomoa mrija wake, akaupitisha mbele ya pua yangu, akampa Teresa. Sikunywa tena siku hiyo.

Tangu hapo kazi yake ilikuwa boma. Kila kiangazi alikandika ghala kwa udongo wa kichuguu na mavi ya ng'ombe, yeye na mke wangu Truphena, mtu wa Nambale. Walicheka sana, nikadhani wananisema. Walikuwa wananisema. Foleni ya malori ya mpakani ilipofika kwenye ua wetu, tajiri mmoja alikuja akitaka ghala libomolewe, pawe pa kuegesha malori. Alianza na mimi.

"Mzee, hii ploti tuongee."

Kabla sijafungua mdomo, Teresa alitokea na matope mikononi.

"Boss, hapa ni kwa babu yangu. Geuza hio gari."

Akageuza. Siku hizi wanafunzi huja kuona ghala, na wote walikuwa wakimtafuta Mama Teresa. Mimi huulizwa choo kiko wapi.

Alianza kuugua figo mwaka 2022. Mei mwaka huu wa 2025 aliomba chungu kiwekwe, wazee waje. Niliketi ubavuni mwake, mkono tayari.

"Zephaniah, wewe umesoma," akasema. "Utaongea vizuri kwa matanga yangu. Truphena, shika mrija."

Sasa naomba ruhusa kwa mke wangu niingie nyumba ya baba yangu.

Teresa alitutoka tarehe 14 Juni, hospitalini Busia. Tunamzika mbele ya dirisha la sebule, mahali nilipokuwa nimejichagulia mwenyewe.

Ameacha binti yake Amuron, wajukuu watatu, wifi yake Truphena na kaka mmoja. Jana asubuhi Truphena alinipa ndoo ya udongo. "Mwalimu, hii ghala haitajikandika." Nikakandika. Upande wangu una mabonde. Nilipofika upande wa Teresa nilikuta alama za vidole vyake ukutani, safi, zimepangana. Hata sasa ananishinda. Nilikuwa na udongo wa kutosha kuzifunika, na mwenye mrija hakuwa akinitazama.

Nimeziacha.

Pumzika kwa amani, dada yangu. Boma lipo.