Kimya na Wimbo Uliokaa Upande wa Wazee

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kutunza sauti za wengine, fundi wetu mkuu wa kurekodi anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Sote tunamwita Kimya, maana ndilo neno pekee tulilowahi kumsikia akilitamka kwa ukali. Nimeombwa nieleze kazi yake kubwa kuliko zote. Tatizo ni kwamba hadi leo sijaielewa.

Ni ile kaseti ya kwanza ya mama mwimbaji wa nyimbo za asili, enzi hizo bado binti mwenye gitaa la kuazima. Upande mmoja ulipaswa kuwa na nyimbo za wazee, wa pili nyimbo alizotunga mwenyewe. Siku ya kuandaa jalada, mwimbaji alikuwa safarini na simu hazipatikani. Kimya hakubabaika. Alimkalisha studio mama mzazi wa mwimbaji, akampa chai, akampigia nyimbo zote. Wimbo alioufuatisha kwa mdomo ulihesabiwa wa zamani. Alioutolea macho tu, mpya.

Basi Bi Mkubwa akaufuatisha wimbo mmoja wa kubembeleza mtoto, mwanzo hadi mwisho. Ukaenda upande wa wazee. Mwimbaji aliporudi alikuja juu: wimbo ule aliutunga mwenyewe, kwa ajili ya mwanawe wa kwanza! Kaseti zilishaingia sokoni. Wengine tulidhani Bi Mkubwa aliunasa mlangoni wakati wa mazoezi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akimletea bintiye chakula cha mchana. Yeye akaapa kwamba aliimbiwa na bibi yake. Nani angembishia? Tangu hapo watu huuimba kama wa mababu, na mwimbaji hakuacha kudai wimbo wake.

Mwaka huu tunatoa toleo jipya la kaseti hiyo, na Kimya alisema haondoki bila kusahihisha. Aliuhamisha wimbo, akaweka jina la mwimbaji kwa herufi kubwa, akamwita aje kuona. Tukanunua soda. Mama wa watu akalitazama jalada, akaomba jina lifutwe.

Alitueleza kwamba majuzi, kwenye foleni ya kliniki, alimsikia msichana asiyemjua akimwimbia mtoto wimbo uleule. Ulikuwa na ubeti wa tatu. Yeye alipoutunga aliishia wa pili, kwa sababu mwanawe alifariki kabla hajamaliza kuutunga.

Akaomba kuurekodi upya, beti zote tatu. Hiyo ndiyo kazi ya mwisho ya Kimya. Mwishoni anasikika mtu akipenga kamasi. Ni yeye, fundi aliyewatoa watu studio kwa kikohozi tu. Tumekataa kuikata sauti hiyo.

Wimbo ni wa nani? Mtuulize mwakani. Asante sana, kaka yetu. Pumzika vyema na shemeji na wajukuu, na ukipita jirani, ingia bila hodi.