Mteremko Uliong'olewa Mlangoni

Waombolezaji mliomo humu ndani, nanyi mnaosikia kwa spika kule chini ya ngazi, familia imenituma mimi, mtoto wa dada yake marehemu, niwasomee maisha ya mjomba wetu seremala, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Taratibu, na nitayasoma kama alivyoyaishi, bila kuyapaka rangi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1956, mtoto wa tatu wa mama mshonaji na baba mlinzi wa ghala, akabatizwa mwaka huohuo, akamaliza shule ya msingi mwaka 1970, kisha akajifunza useremala kwa baba yake mdogo, na mwaka 1977 akafungua karakana yake nyuma ya soko, ambako jina lake alilipata kihalali, maana yuko bwana harusi mmoja aliyeletewa kitanda cha harusi mkewe akiwa tayari na mimba.

Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na mpishi wa shule, wakajaliwa mabinti wawili. Kwa miaka mingi alikuwa Mkristo wa Jumapili, mwenyewe alisema hivyo, imani inavaliwa asubuhi pamoja na suti na kuvuliwa nayo mchana. Mwaka 2004 mkewe aliangukiwa na ukuta wa jiko la shule, akapooza miguu, na hapo ndipo mjomba alipoanza kuzungumza na Yesu kwa sauti pale karakanani, akimwita Fundi Mwenzangu, akimlalamikia, kisha akinyamaza kumsikiliza, mpaka wateja wakadhani amepungukiwa na akili. Alisema jibu alilopewa ni kazi. Basi akatengeneza magongo, vitanda vya wagonjwa na viti vya magurudumu, akiingia nyumba za watu na mfuko wake wa misumari, akisali na wenyeji kabla ya kupiga nyundo, na mwaka 2011 akajenga hapa mlangoni mteremko wa mbao ngumu, ili mkewe na wenzake waingie kanisani kwa magurudumu yao wenyewe.

Mwaka 2017 mteremko huo uling'olewa. Haukuwa umeoza, haukuwa umemwangusha mtu, uling'olewa kwa sababu kamati ya ujenzi iliona unaharibu sura ya ngazi za vigae kwenye picha za harusi, na mbao zake ziko mpaka leo nyuma ya chumba cha kwaya, zinanyeshewa. Mjomba aliomba urudishwe, akaomba tena, akaambiwa awe na subira, yaani yeye, Taratibu, ndiye wa kufundishwa subira.

Akawa anampandisha mkewe mgongoni kila Jumapili, mpaka mwaka 2021 moyo ulipoanza kumsumbua na daktari akamkataza, na tangu hapo wawili hao walisali wakiwa chini ya ngazi, juani, na alipoulizwa kwa nini asipande peke yake alijibu kwamba Yesu anayemfahamu yeye amekaa huku chini. Watu walitabasamu, wakapanda zao.

Alifariki Jumanne iliyopita wodini, ameshikwa mkono na mkewe. Leo vijana sita wamelipandisha jeneza lake bila shida, na waliporudi kumbeba mjane, aliwaambia kwa upole kwamba anawashukuru kama wanawe, ila aliyekuwa na ruhusa ya kumbeba ndiye huyo waliyetangulia naye. Kwa hiyo yuko nje, mke wa marehemu yuko nje ya ibada ya mumewe, na sisi familia tumekasirika, wala hatutaki kuambiwa kwamba leo si siku ya kuyasema haya.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliolala nasi msibani, na maseremala wa sokoni waliofunga karakana zao. Mchungaji, tunakuomba usiendelee humu ndani, na ninyi vijana sita, shikeni tena jeneza, ibada itamaliziwa kule chini. Pumzika kwa amani, mjomba, lakini subiri kidogo, kwanza tunakushusha kwa mkeo.