Mwanga Nilioutia Mkononi mwa Mhubiri

Wapendwa, nawasalimu katika jina la Bwana. Nivumilieni, leo sikusimama kujisifu.

Wengi mnanijua, nahariri video hapa Bagamoyo mjini. Alikuja mhubiri mgeni, akafanya maombezi kule Mbegani, nami nikarekodi. Akaniambia, "Kijana, itie uhai kidogo hiyo video." Ndugu zangu, nilimwelewa vizuri sana. Nikatengeneza mwanga kwa programu, nikaupachika kwenye kiganja chake. Ili mwanga ufuate mkono, kila mkono unapohama mhariri anaweka alama kwenye video. Sisi tunaziita keyframe. Kwenye alama ya kwanza mwanga hauonekani, ya pili unawaka, nyingine zote unatembea na mkono. Nilipomaliza nilichekelea peke yangu.

Video ikasambaa mpaka Ubena, kwa shangazi yangu aliyenilea. Ana kisukari. Akanipigia simu: "Mwanangu, nimeuona ule mwanga kwa macho yangu! Nimeweka mkono juu ya simu, nimepona. Dawa nimetupa chooni."

Mnajua nilimjibu nini? "Haya shangazi, tumshukuru Mungu." Niliona aibu kusema ni kazi yangu. Basi.

Haukupita mwezi, akaanguka, akapoteza fahamu. Nilimkuta wodini ameshazinduka, kidole kimoja cha mguu kimekatwa, na sindano ya kisukari bado anakataa! Eti akichomwa atakuwa amemkana Mungu. Ndipo nikafungua ile video kwenye kompyuta pale kitandani.

"Shikamoo shangazi. Tazama hapa."

Nikauondoa mwanga. Ukabaki mkono mtupu wa mtu, unatoka jasho. Nikaurudisha. Nikauondoa tena.

"Kumbe ni wewe?"

"Ni mimi, shangazi. Nisamehe."

Akageukia ukutani, akalia. Nami nililia. Halafu, bila kunitazama, akamnyooshea muuguzi mkono achomwe.

Leo anatembea, anachechemea kidogo. Kila nikimwona anavyokanyaga, moyo unanisuta. Namshukuru yule muuguzi kwa subira yake, na nyinyi mliompelekea uji bila kuniuliza kitu. Nawasihi, ombeni, lakini dawa msitupe.

Ile video nimeifuta kwenye simu yangu, ila kazi yenyewe nimeiacha kwenye kompyuta. Siku ya kutoka hospitali shangazi aliniuliza, "Mimi umenionyesha. Na wale wengine je?" Kwa hiyo leo nimekuja na kompyuta, iko hapa mezani. Mwenye ile video kwenye simu yake, naomba asogee mbele.