Alhamisi ya Mama Mchungaji

Mama Mchungaji anastaafu Jumapili hii, tarehe 30 Novemba, baada ya kulitumikia kanisa kwa miaka thelathini na mmoja. Ishirini na minne kati ya hiyo ameimalizia hapa kwetu, katika ofisi ile ile yenye dirisha lisilofunga vizuri. Wazee wa kanisa wameniomba mimi karani niandike wasifu wake kwa sababu mafaili yako kwangu. Mafaili yanasema alisoma chuo cha uchungaji, akabarikiwa akiwa na mtoto wa kwanza mkononi na wa pili tumboni (askofu hakuambiwa hadi joho lilipoanza kubana), akahudumu katika makanisa mawili madogo, kisha akahamishiwa hapa. Mengine hayamo kwenye mafaili. Nimeyapata kwake mwenyewe, kwa watoto wake na kwa waliokuwepo.

Alipofika, kanisa hili lilikuwa halijawahi kuongozwa na mwanamke, na wapo waliokuja ibadani kumkagua zaidi kuliko kumsikiliza. Mmoja wao alikuwa mwenyekiti wa baraza la wazee, seremala ambaye mpaka leo wote tunamwita Mzee Kipimo, kwa kuwa hakuna kitu asichokipima. Jumapili ya kwanza alipima mahubiri kwa saa yake ya mkononi, akapata dakika kumi na nane. Akamwambia mlangoni kwamba ni mafupi. Mama Mchungaji akamjibu, "Mzee wangu, yaliyobaki ni ya kutenda, nenda kayamalizie nyumbani."

Mumewe alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, anaondoka wiki mbili, tatu, anarudi siku nne. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya mama, na watoto watatu walikuwa wa mama. Mahubiri aliyaandika akipiga pasi sare za shule. Kuna karatasi zake za zamani kabatini zenye alama ya pasi pembeni, na moja imeungua kabisa pale alipofika kwenye habari za moto wa milele.

Si kwamba hakukosea. Aliwahi kumbatiza pacha mmoja mara mbili na mwenzake asipate hata tone. Mama yao aligundua walipofika nyumbani, alipotaka kukausha vichwa akakuta kimoja kikavu. Siku iliyofuata wakarudi wote, na mwenye kichwa kikavu akabatizwa. Mapacha wale sasa ni vijana wakubwa, na huyu wa pili humtania nduguye kwamba dhambi zake ndizo zilizohitaji maji ya ziada.

Lakini anayetaka kumjua Mama Mchungaji inabidi aijue Alhamisi yake.

Ofisini tuna daftari la wageni lenye nafasi tatu: jina, saa na shida. Mwaka wake wa pili hapa, binti yake wa kati, wakati huo ana miaka minane, alitoka shule na begi lake mgongoni, akaandika jina, akaandika saa, na kwenye shida akaandika "kuonana na mama". Kisha akakaa kwenye benchi kati ya bibi aliyetaka barua na mzee aliyegombana na jirani. Akangoja zamu yake. Mama Mchungaji alipofungua mlango kumwita anayefuata, akasimama mwanawe.

Anasema alicheka kwanza. Akamuuliza kwa nini asingoje waonane nyumbani. Mtoto akasema, "Nyumbani hakuna foleni. Kila mtu anaingia tu."

Wiki ile ile Mama Mchungaji aliliambia baraza kwamba kuanzia sasa Alhamisi ni ya watoto wake. Hakuna ofisi, hakuna kikao, hakuna hodi. Mzee Kipimo akasema mchungaji ni mtu wa saa zote na kanisa halikuletewa mchungaji wa siku sita. Mama Mchungaji akasema Mungu mwenyewe alichukua siku moja, na yeye hakuwa na sare za kufua. Wengine walicheka, Mzee Kipimo hakucheka. Akamwambia achague. Mama Mchungaji akatoa funguo za ofisi mkobani, akaziweka mezani, akasema, "Basi mimi nimeshachagua. Chagueni na nyinyi." Baraza likanong'ona, likampa miezi mitatu ya majaribio.

Mwezi wa pili, Alhamisi mchana, alitumiwa ujumbe kwamba mkunga mstaafu wa mtaa wa nyuma anaumwa na anamwomba aje. Mkunga yule alikuwa dada mkubwa wa Mzee Kipimo. Mama Mchungaji akauliza kama ni jambo la haraka, akaambiwa anaumwa tu, lakini anaongea vizuri. Akasema atafika Ijumaa asubuhi na mapema. Jioni ile, kabla taa hazijawashwa, mkunga akafariki.

Siku ya mazishi angeweza kuongoza ibada bila kuligusa jambo hilo, na hakuna ambaye angemwuliza. Yeye akasimama mbele ya watu wote akasema, "Marehemu aliniita akiwa hai, nami nikiwa mzima, na sikwenda. Naomba ndugu zake wanisamehe, nao wasiharakishe kunijibu." Waliokuwepo wanasema watu waliinamisha vichwa na kumtazama Mzee Kipimo kwa pembeni. Kila mtu alijua Alhamisi imekwisha, na pengine kazi ya mchungaji nayo.

Kikao kilipokaa, Mzee Kipimo ndiye aliyeomba kusema kwanza. Akasema yeye alikuwa pale kitandani ujumbe uliporudi kwamba mchungaji yuko na watoto wake. Dada yake alicheka mpaka akakohoa, akasema, "Mimi nimezalisha mtaa mzima, wangu wakalelewa na majirani. Mwacheni huyo." Mzee akasema yeye hawezi kupinga neno la marehemu, ingawa angependa. Kisha akaomba jambo moja tu, mgonjwa asiambiwe tena angoje kesho.

Mama Mchungaji akakubali. Ila akasema watoto nao hawatangoja tena. Tangu hapo, akiitwa kwa mgonjwa siku ya Alhamisi, walikwenda wote wanne. Watoto walifanya hesabu zao chini ya vitanda vya watu. Kuna fundi cherehani aliyelazwa miezi mingi ambaye ndiye aliyemfundisha kitindamimba jedwali la saba, na alikataa kuombewa mpaka mtoto akariri bila kukosea. Kifunguamimba leo ni muuguzi. Anasema hakuchagua, alizoeshwa.

Alhamisi ile haikubaki ya nyumba moja. Mhudumu wa usafi akapewa, mwinjilisti akapewa, mlinzi akapewa siku yake nyingine ili geti lisibaki wazi. Siku niliyoajiriwa mimi nikiwa na mtoto wa miezi mitatu, nilitegemea kuelezwa habari za mafaili. Aliniambia, "Alhamisi usije. Nikikuona hapa nakufukuza." Nilikuja mara moja, nikijifanya hodari, na kweli alinifukuza, akanibebea na mkoba hadi getini.

Amefanya mengine mengi. Paa jipya ni la wakati wake, na chumba cha kunyonyeshea nyuma ya kwaya, na maharusi mia tatu na kitu, baadhi wakiwa wamepatanishwa mara mbili kabla ya keki. Lakini karatasi aliyoiandika ya kumkabidhi kazi mchungaji mpya haitaji paa. Ni ukurasa mmoja tu, na mstari wa tatu unasema Alhamisi ya wafanyakazi haijaandikwa popote, naomba iandikwe.

Mchungaji mpya ni kijana na hajaoa. Tumeshasikia maneno kwamba sasa ofisi inaweza kufunguliwa siku zote. Baraza litakaa mwezi ujao. Sisi wafanyakazi wanne tumeweka majina yetu chini ya mstari ule wa tatu, na Mzee Kipimo, ambaye kwa sasa anatembea na mkongojo, ameweka lake la tano bila kuombwa. Tumeandika humu kwenye ratiba ya ibada ya leo ya kumuaga, ili kila aliyenayo mkononi asome kabla ya kikao. Tunaomba kwa heshima zote. Lakini hatuna mpango wa kunyamaza.

Tunamshukuru baba wa nyumba, ambaye ameshaegesha lori na sasa anajifunza kukaa na mkewe siku saba mfululizo. Tunawashukuru watoto, waliotuazima mama yao siku sita na wakatuvumilia.

Mama Mchungaji, kuanzia kesho hakuna daftari, wala zamu, wala benchi. Mungu akupe afya, magoti yasikusumbue, na wajukuu wakuchoshe inavyostahili. Tunakutakia siku njema moja moja, na zote ziwe zako. Na ukitusikia tunapiga hodi kwako siku ya Alhamisi, tafadhali, usitufungulie.