Maisha ya Baba Kasonde Mulenga David, na Mdudu Aliyempa Jina la Mama Yake

Ndugu wa familia, majirani wa Katuba na ninyi mliofanya kazi naye kule Kasapa, asanteni kwa kuja na kwa kukaa nasi, mimi ni Joëlle, mtoto wake wa kwanza, familia imeniomba nisome maisha ya baba yetu, na nitayasema kama yalivyokuwa, kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda kitu kiongezwe.

Baba Kasonde Mulenga David alizaliwa Kasomeno tarehe 14 Julai 1961, mtoto wa kwanza wa marehemu Mulenga Chama na wa Mama Mwila Marie-Thérèse, ambaye yuko hapa mbele yetu leo. Alisoma shule ya msingi huko huko Kasomeno, akaletwa Lubumbashi kwa masomo ya sekondari, sehemu ya biolojia na kemia, akapata diploma ya Serikali mwaka wa 1980, kisha akaingia chuo kikuu, akamaliza shahada ya lisansi ya zoolojia mwezi wa Julai 1986.

Tarehe 1 Oktoba 1987 alianza kazi ya assistant, yaani mwalimu msaidizi, pale chuo kikuu, Kasapa, na tangu 1996 hadi ugonjwa ulipomzuia alikuwa chef de travaux, akifundisha wanafunzi kazi za maabara. Wengi wenu mnakumbuka ile loupe yake ya kukuzia vitu vidogo, ya shingoni, ambayo aliivaa hata kwenye harusi, basi ilikuwa ya kuangalia aina moja ya wadudu, ambao kwa Kifaransa wanaitwa perles, na yeye kwa Kiswahili aliwaita wadudu wa mawe. Wachanga wao wanaishi chini ya mawe katika maji safi yanayotembea, wana mikia miwili myembamba na vinyuzi vya kupumulia kwenye kwapa za miguu, na wakikomaa wanatoka majini, wanavua ngozi na kupata mabawa. Alitufundisha pia, mezani, tukiwa tunakula, kwamba hao wachanga wanafanana sana, hata majike hayatoshi, na ukitaka kusema kwa hakika huyu ni aina yake peke yake, ni lazima upate dume aliyekomaa na uangalie mwisho wa tumbo lake, vile vibamba na vimiba vilivyopinda, kwa maana kila aina ina umbo lake pale. Mama alimwambia mara nyingi kwamba hayo si maneno ya mezani.

Alifunga ndoa na mama yetu, Kapinga Marceline, tarehe 8 Septemba 1990, katika parokia yetu hapa Katuba. Miaka miwili baadaye, wakati watu wa Kasai, kama mama, walipokuwa wanafukuzwa katika mji huu, baadhi ya watu walimshauri amrudishe kwao, yeye alijibu kwamba kwao ni hapa, akachukua kiti akakaa mlangoni, na majuma yote yale alisahihishia mitihani ya wanafunzi pale pale. Walizaa watoto watatu, mimi mwaka wa 1991, Nono mwaka wa 1994 na Abigaël mwaka wa 1999, na ameacha wajukuu watano, watatu ni wangu, ndiyo maana mnaniona nimechoka hata kabla ya msiba.

Mwezi wa Agosti 2009, alipokwenda Kasomeno kumsalimia mama yake, aliinua jiwe katika kijito ambamo Mama Mwila huchota maji, akaona wachanga wa mdudu wa mawe ambao hakuwafahamu. Tangu siku hiyo alitaka jambo moja, kumpata dume, kumwandika na kumpa jina kabla hajazeeka. Alimpata Oktoba 2014 kwenye jani, akiwa na mwenzake Baba Edouard, ila njiani chupa ya alkoli ilipasuka, na kwa kuwa hapakuwa na nyingine, walinunua lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, pale Kasomeno, wakamtia mdudu humo. Lutuku huwaangusha watu lakini haina nguvu ya kumhifadhi mdudu, walipofika Kasapa mwisho wa tumbo ulikuwa umelainika na kuharibika, yaani sehemu ile ile iliyotakiwa, na Baba Edouard akasema, “Chef, huyu mududu alikufa mulevi, hata jina yake hawezi kutuambia.” Baba hakucheka, alikuja kucheka miaka minane baadaye.

Mwaka wa 2021 alianza kuugua figo, na wakati huo huo watu walianza kuosha mawe ya madini upande wa juu wa kile kijito, maji yakawa ya matope, na wale wachanga wakabaki wachache. Oktoba 2022, ingawa daktari alimkataza safari, alikwenda, akarudi na wachanga sita katika kidumu, akawaweka nyumbani pamoja na mawe yao katika beseni la mama, na pampu ndogo ya kusukuma maji. Mama alisema, “Baba Joëlle, beseni yangu njo umetilia badudu? Mihogo nitalobeka wapi, mu kofia yako?” Umeme ulipokatika, na mnajua umeme wetu, pampu ilisimama, na maji yakisimama wadudu hao wanakufa, basi tulipokezana kuchota na kumwaga kwa kikombe, mimi na mtoto mgongoni, Nono, majirani waliokuja kutucheka, na mama mwenyewe kuliko wote. Wanne walikufa. Siku ya Jumapili mama hakwenda misa, akabaki na kikombe, na tuliporudi tulimkuta barazani anaita, “Baba Joëlle, kuya mbio! Mududu yako ametoka mu nguo yake!” Alikuwa dume, amekaa juu ya jiwe, mabawa bado laini, na safari hii alkoli ilikuwa ya kweli.

Baba alimchora mwaka mzima, kila mwiba, akipumzika baada ya kusafishwa damu. Likabaki jina. Kwetu jina halichukuliwi kimya kimya, mwenyewe anaombwa, na akikubali anampa zawadi majina yake, ndivyo tunavyomwita aliyepokea jina lako. Baba alikwenda Kasomeno Pasaka ya 2024, na Mama Mwila akamwambia, “We Kasonde, batoto ya bantu bameisha? Jina yangu unapatia kadudu ka mu mai?” Alimwonyesha michoro, hakuitazama, akauliza tu anaishi wapi. Baba akamjibu, “Chini ya mawe, Mama, pale unachota mai, na mai ikiwa muchafu anakufa.” Mama Mwila akasema, “Basi iko majina yangu. Mwambie chefu, bale bantu baache mai yake.” Alitoa kuku wa zawadi, na kwa kuwa mdudu hali kuku, kuku huyo aliliwa na baba na Baba Edouard. Chifu alisikia, waosha mawe walihamishiwa upande wa chini wa kijito, na mawe yanaanza kuonekana tena ndani ya maji.

Maandishi yake yalitoka Februari 2025, na mdudu anaitwa Neoperla mwilae. Baba aliyasoma yote, akapata kosa moja la koma, akaridhika. Alifariki nyumbani tarehe 2 Mei 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka sitini na mitatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomsafisha damu kwa subira, majirani walioshika kikombe, wenzake wa Kasapa, na wewe Baba Edouard.

Baba, mdudu ana jina lake, beseni limerudi jikoni, hukuacha kazi nusu. Sasa pumzika, na amani iwe yako.