Watu wa Ndege Iliyoanguka Ijumbi

Alhamisi asubuhi, masika ya mwaka 1952, benchi la mbele ya mgahawa wa Maulida pale Kagoma lilijaa mapema kuliko siku zote. Juzi yake ndege ndogo iliyotoka Mwanza kwenda Bukoba ilikuwa imeanguka kwenye kilima cha Ijumbi, katikati ya mvua na ukungu, na tangu hapo hakuna aliyeshika jembe. Byabato, ambaye wote walimwita Bama kwa kuwa alipigana vita ya Hitla kule Burma, alikaa mwishoni na kikombe kilichopoa. Jana yeye na wenzake wawili wa benchi walipanda kilimani, wakateremsha maiti mbili za Wazungu. Alikuwa amenawa mara tatu, lakini petroli bado ilinuka mikononi.

— Dira ndiyo iliyowaua, alisema Protase, aliyeitwa Gazeti. — Mawingu yamefunika ziwa, rubani haoni Bukoba iko wapi, anaitazama dira, nayo inamdanganya. Ndege ilizunguka juu ya migomba yangu weee, mpaka mbuzi wakakata kamba!

— Dira ya Mzungu idanganye kwa nini? aliuliza Lameki, fundi cherehani, jina la kijiweni Mkasi.

— Radi iliipiga.

— Radi wapi! Ni mizinga. Wajerumani walipokimbia waliizika mizinga yao Ijumbi. Chuma chote kile kinavuta sindano ya dira. Hata jembe langu nikipita pale linakuwa zito.

— Jembe lako zito kwa sababu hamjazoeana, alisema Maulida, akimmiminia kahawa.

Wakacheka. Kicheko kikakatika chenyewe.

— Bama, wewe uliziona ndege za vita. Sema kitu, alisema Mkasi.

— Rubani alipotea. Alishuka chini ya mawingu kulitafuta ziwa, akakutana na kilima. Basi.

— Basi? Gazeti alisimama kabisa. — Ukungu ule haukuwa wa Mungu! Warusi wana mashine ya kutengeneza ukungu, nasikia wanaupuliza kwa bomba...

Mwanamke mgeni alikuwa amesimama mbele yao, matope hadi magotini. Alipiga magoti akawasalimu.

— Waitu, wazee wangu, ni nyinyi mlioteremsha watu wa ndege?

— Ndiyo sisi, mama, alijibu Mkasi. — Pole. Walikuwa wawili, rubani na bwana mpima ardhi. Wameshapelekwa Bukoba.

— Na wa tatu?

Maulida aliweka birika chini.

— Mimi Klaudia, natoka Kaagya. Mume wangu Buberwa ni karani wa huyo mpima ardhi. Aliniandikia kwamba bwana wake atamleta kwa ndege. Yuko wapi?

Gazeti alimtazama Mkasi. Mkasi alitazama chini. Bama aliikumbuka jana. Mvua ilikuwa inapiga, waliona Wazungu wawili, wakasali, wakabeba. Haikumjia hata kidogo kwamba mtu mweusi angeweza kupanda ndege.

— Mlitafuta? aliuliza Klaudia.

Bama alishainuka. Kikombe kilianguka, hakukitazama.

Walipanda wote, Klaudia mbele, akiita jina la mumewe mpaka sauti ikakwaruza. Bama ndiye aliyemwona, hatua mia mbili hivi chini ya mabaki ya ndege, ndani ya korongo lililofunikwa na magugu. Alikuwa amejiburuza. Mguu uliovunjika alikuwa ameufunga kwenye kijiti kwa tai yake.

— Mawe, mama yangu! alipiga kelele Klaudia kwa Kihaya. — Anapumua!

Walimlowesha midomo, wakamlaza juu ya machela ya miti, wakaanza kushuka polepole, wakiteleza. Gazeti, aliyekuwa na maneno tangu alfajiri, alikuwa analia bila kujificha. Njiani Buberwa akafumbua macho, akamwona mkewe.

— Jana walikuja watu, alinong'ona. — Niliwasikia. Walisema, “Wawili, basi twendeni.”

— Hukuita? aliuliza Klaudia.

— Niliita. Niliita kwa Kihaya, nikaita kwa Kiswahili. Mwisho nikaita kwa Kiingereza.

Bama alikuwa ameshika miti ya mbele. Hakuweza kugeuza uso. Alitazama chini, akatafuta pa kukanyaga, ili yule mtu asitikisike.